Asaimenti ya C: make inasema OK, majaribio 0/10, na kwangu inafanya kazi vizuri kabisa. Nimekosea wapi?

Kijana_wa_Mwaka2:

Wakuu heshima kwenu. Niko mwaka wa pili, somo la miundo ya data, tunaandika C. Naombeni msaada maana tangu jana sijalala na hasira ndo zimenijaa.

Asaimenti ya tatu ilikuwa kutengeneza orodha ya viungo (linked list), programu inasoma amri kwenye ingizo (weka, futa, tafuta, chapa) na inatoa majibu. Maelekezo ya kusabmiti: folda moja inaitwa kazi3, ndani kuwe na Makefile, main.c, orodha.c na orodha.h, unaifunga iwe kazi3.tar.gz halafu unaituma kwa scp kwenye seva ya idara kabla ya Jumapili saa 5:59 usiku. Anayesahihisha sio mtu, ni skripti, inafungua tar, inapiga make (ile inayokompaili kwa kufuata Makefile), halafu inaendesha ./orodha kwa mafaili kumi ya majaribio na kulinganisha majibu kwa diff. Kila jaribio alama 4.

Nikafanya yote, nikatuma mapema kabisa sio dakika za mwisho. Jana matokeo yametoka:

    make: OK
    majaribio: 0/10
    alama: 0/40

Sifuri! Na mifano mitatu aliyotupa lekchara nilikuwa naipitisha yote, diff haitoi hata mstari. Rumeti wangu, ambaye mimi ndo nilimwelekeza namna ya kufuta nodi ya katikati, kapata 36. Nimemwandikia lekchara kanijibu maneno matatu tu, "jaribu kwenye seva". Mimi naona skripti yake ndo ina shida maana make imesema OK, sasa kama imekompaili vizuri inakuwaje nipate sifuri? Amri zangu hizi hapa:

    tar czf kazi3.tar.gz kazi3
    scp -P 2222 kazi3.tar.gz mimi@seva:kusanya/

Nisaidieni kabla sijaenda kugombana na mtu.

---

Kaka_Terminali:

Hiyo CRLF hiyo, funga uzi. Umeandikia kwenye Windows, kila mwisho wa mstari kuna herufi ya ziada huioni. Piga `cat -A main.c | head`, ukiona ^M$ badala ya $ peke yake basi ndo mchawi wako. Dawa ni `sed -i 's/\r$//' main.c orodha.c orodha.h Makefile` au kama dos2unix ipo itumie. Mimi hiyo kitu ilinitesa muhula mzima, skripti ya bash naiona kabisa ipo pale kwenye folda, nikiiendesha inaniambia `/bin/bash^M: bad interpreter: No such file or directory`. Nilitaka kulia, faili ipo mbele ya macho yangu halafu mashine inasema haipo.

---

Mama_Makefile:

Kaka_Terminali taratibu, usifunge uzi wa watu. CRLF inaua skripti za bash kama hivyo ulivyosema, lakini gcc (kompaila ya C) ikikuta \r mwishoni mwa mstari kwenye faili la .c haina habari nayo, inaiona kama nafasi tu na kuendelea na maisha. Hiyo isingempa sifuri kijana.

Mdogo wangu, nilisahihisha kazi za mwaka wa pili miaka miwili kwa skripti kama hiyo, nikuambie kitu. 0/10 sio alama ya mtu aliyekosea mantiki. Aliyekosea mantiki anapata 3, anapata 6, jaribio la orodha tupu linampita, la kufuta kichwa linamkwama. 0/10 maana yake programu yako haikuendeshwa kabisa, haikutoa hata herufi. Kwa hiyo acha kusoma orodha.c, kosa halipo humo. Lete vitu viwili: Makefile yako yote, na majibu ya `tar tzvf kazi3.tar.gz`. Hiyo t inaorodhesha kilichomo bila kufungua, v inakuonyesha mwenye faili, ukubwa na saa. Ilitakiwa uipige kabla ya kutuma ila tuyaache hayo.

---

mbogi_ya_vim:

Nawaza pia kama ni herufi kubwa na ndogo. Huku Nairobi nlikuwa na classmate aliandika `#include "Orodha.h"` na file ni orodha.h, kwa Windows inaingia bila shida, ikifika Linux inakataa. Lakini hiyo ingeangusha make, na make imesema OK, so hapana. Niko hapa na chai nangojea hiyo tar.

---

Kijana_wa_Mwaka2:

Asante dada. Hii hapa:

    drwx------ u0_a231/u0_a231     0 2024-05-12 22:33 kazi3/
    -rw------- u0_a231/u0_a231    84 2024-05-11 16:02 kazi3/Makefile
    -rw------- u0_a231/u0_a231  2217 2024-05-12 21:50 kazi3/main.c
    -rw------- u0_a231/u0_a231  3904 2024-05-12 22:28 kazi3/orodha.c
    -rw------- u0_a231/u0_a231   611 2024-05-11 16:10 kazi3/orodha.h
    -rwx------ u0_a231/u0_a231 14320 2024-05-12 22:31 kazi3/orodha

Na Makefile:

    orodha: main.c orodha.c orodha.h
    	gcc -Wall -std=c11 -g -o orodha main.c orodha.c

CRLF nimeangalia haipo, mistari yote inaishia $ tu.

---

Mama_Makefile:

Mdogo wangu mbona hukusema kazi umeifanyia kwenye simu?

u0_a231 sio jina la mtu wa Ubuntu, hayo ni majina Android inayowapa programu zake. Upo kwenye Termux wewe, ile app ya terminali ya Linux kwenye simu. Wala hakuna aibu, nimeshaona watu wanaandika C kwenye simu vizuri kuliko wenye laptopu za milioni mbili. Ila angalia mstari wa mwisho wa orodha yako. Umefunga na binari, yaani programu iliyokwisha kukompailiwa, hiyo kazi3/orodha yenye x.

Sasa fuata mtiririko. Simu yako ina prosesa ya ARM, seva ya idara karibu kwa hakika ni x86_64 (piga `uname -m` huko utaona). Binari iliyokompailiwa kwenye simu haiwezi kuendeshwa kule hata ukiisomea dua. Kwa kawaida isingekuwa tatizo kwa sababu skripti inapiga make, make inakompaili upya. Lakini make hakompaili kwa sababu umemwambia akompaili, make anaangalia saa. Analinganisha orodha na main.c, orodha.c, orodha.h, kama orodha ni mpya kuliko zote anasema kazi imeshafanyika. Na tar inatunza saa za mafaili kama zilivyokuwa kwako. orodha.c saa 22:28, orodha 22:31. Kwa hiyo kwenye seva make alitoa hivi:

    make: 'orodha' is up to date.

akatoka bila kosa lolote, skripti ikaandika OK, ikaenda kuendesha binari ya simu yako mara kumi. Mara kumi ikapata Exec format error. 0/10. Hakuna aliyekuonea.

Hakikisha mwenyewe, ingia kwenye seva kwa ssh na ufanye hivi, kwenye folda mpya kabisa:

    mkdir ~/jaribu && cd ~/jaribu
    tar xzf ~/kusanya/kazi3.tar.gz
    cd kazi3
    make
    file orodha
    ./orodha

---

Kaka_Terminali:

Nimevua kofia. u0_a231 nimeipita kama sijaiona.

---

Kijana_wa_Mwaka2:

Dada ni kweli mtupu. Laptopu yangu kioo kilipasuka mwezi wa tatu, natumia simu na kibodi ya bluetooth, sikusema maana kuna mahali niliwahi kuuliza swali la Termux wakaniambia "nenda katafute kompyuta kwanza". Nimefanya ulivyosema:

    $ make
    make: 'orodha' is up to date.
    $ file orodha
    orodha: ELF 64-bit LSB pie executable, ARM aarch64, version 1 (SYSV), dynamically linked ...
    $ ./orodha
    bash: ./orodha: cannot execute binary file: Exec format error

Nimekaa naangalia hiyo skrini kama dakika tano nzima. Wiki mbili za kazi zimeuawa na faili moja ambalo hata halikutakiwa kuwemo.

Kuna kitu kingine kimenitisha, nimepiga `ls -l` kwenye seva naona kazi3.tar.gz imeandikwa 19:44 wakati mimi nilituma saa nne na dakika 44 usiku. Hilo ni faili langu kweli?

---

mbogi_ya_vim:

Ni lako, tulia. Server iko kwa UTC, sisi wa East Africa tuko masaa matatu mbele. 19:44 yao ni 22:44 yetu. Kama unataka kusoma saa ya nyumbani andika `TZ=Africa/Dar_es_Salaam ls -l`. Lakini usiniambie mambo ya saa na deadline, kuna jamaa aliona "5:59" akaweka alarm ya asubuhi, akaamka akakuta mlango ulifungwa masaa sita yaliyopita.

Na juu ya Termux wacha nikuongezee, mimi mwenyewe nilianzia hapo. Kazi zako weka ndani ya home ya Termux, usiweke kwa /sdcard, huko ukikompaili kitu ukijaribu kuiendesha unapata Permission denied hata ukipiga chmod mpaka uchoke. Na hiyo gcc unayoandika huko ni clang, compiler nyingine, imevaa jina la gcc, kwa hivyo warning zake si lazima zifanane na za server. Halafu scp: usiwahi kusahau ile nukta mbili. Ukiandika `scp kazi3.tar.gz mimi@seva` bila : mwishoni, haitumi popote, inakutengenezea tu copy hapo hapo kwa simu, jina lake "mimi@seva", na hailalamiki. Mimi nililala vizuri sana siku hiyo nikijua nimesubmit.

---

Kaka_Terminali:

Kwani hao walimu bado wanatumia scp za nini mwaka huu? Si wahamie git watu wapushi tu yaishe.

---

Mzee_wa_Tepu:

Kijana hapo juu, hata ukipushi kwa git, ukisahau .gitignore (orodha ya mafaili ya kuachwa) hiyo binari ya ARM utaipushi vilevile.

Mimi tar nimeanza nayo zamani kidogo, na jina lenyewe linatokana na tepu za sumaku, ilikuja na Unix toleo la saba mwaka 1979. Ndo maana ina tabia za kizee. Ile f ukiiweka, neno linalofuata ni jina la faili la kuandikia, tar haiulizi mara mbili. Mwaka fulani nilikuwa na haraka, nikaandika

    tar czf main.c orodha.c orodha.h Makefile

yaani nimesahau jina la kifurushi. Tar ikachukua main.c kuwa ndo kifurushi, ikaandika juu yake. Kodi ya siku nne imegeuka kuwa takataka za gzip. `tar czf *.c` inafanya dhambi hiyohiyo, shelo inapanua nyota na faili la kwanza kwa alfabeti ndo linachinjwa. Kilichoniokoa vim ilikuwa bado imefungua main.c kwenye dirisha jingine, nikapiga :w! na mikono inatetemeka. Ila ukiandika `tar czf kazi3.tar.gz` bila kutaja cha kufunga, ndo inajidai ina huruma, inakuambia "Cowardly refusing to create an empty archive". Kwa faili tupu inaogopa, kwa main.c yako haiogopi.

Na make naye hivyohivyo, Stuart Feldman aliiandika Bell Labs mwaka 1976, ile tabu ya lazima mwanzoni mwa mstari inayowatoa watu jasho (missing separator, mnaijua) ilibaki kwa sababu alikuwa tayari na watumiaji kama dazeni hivi hakutaka kuwavurugia. Dazeni moja! Sisi wengine mpaka leo tunalipa.

---

Mama_Makefile:

Shikamoo mzee, hiyo ya :w! nimeisikia mpaka tumboni.

Kijana, turudi kwenye alama zako. Usiguse hata herufi moja ya orodha.c kwa sasa, dedilaini imepita, ukituma faili jipya umejiharibia. Unachotaka kumwonyesha lekchara ni kwamba faili lilelile alilonalo lina kodi inayofanya kazi. Kwanza wewe mwenyewe ujue ukweli: kwenye ile ~/jaribu/kazi3 piga `make -B`, hiyo B inamlazimisha make kujenga upya bila kuangalia saa. Halafu pitisha mifano mitatu:

    for i in 1 2 3; do ./orodha < ~/mifano/$i.in | diff - ~/mifano/$i.out && echo "$i sawa"; done

Leta majibu hapa.

---

Kijana_wa_Mwaka2:

    1 sawa
    2 sawa

wa tatu umekufa, Segmentation fault (core dumped), diff inasema nusu ya mistari haipo. Lakini dada wallahi kwenye simu huo wa tatu unapita! Nimeurudia sasa hivi unapita. Sasa nani muongo, simu au seva?

---

Mama_Makefile:

Hakuna muongo, kodi yako ina tundu na simu ilikuwa inalifunika kwa bahati. Wa tatu nadhani unaweka, unafuta zote mpaka orodha inabaki tupu, halafu unaweka tena? Bandika ile fanksheni ya kuweka. Na kwenye seva jaribu valgrind, chombo cha kukagua makosa ya kumbukumbu: `valgrind ./orodha < ~/mifano/3.in`, kwa kuwa umekompaili na -g itakutajia mpaka namba ya mstari.

---

Kijana_wa_Mwaka2:

Ndiyo umepatia, inafuta zote halafu inaweka tena. Valgrind imejaa maneno ila mstari wa kwanza ni "Conditional jump or move depends on uninitialised value(s)", inataja orodha.c kwenye while ya kuchapa. Fanksheni:

    void weka(Orodha *o, int x) {
        Nodi *mpya = malloc(sizeof(Nodi));
        mpya->thamani = x;
        if (o->kichwa == NULL) {
            o->kichwa = mpya;
            return;
        }
        Nodi *n = o->kichwa;
        while (n->fuata != NULL) n = n->fuata;
        n->fuata = mpya;
        mpya->fuata = NULL;
    }

...

Nimeshaiona wakati nabandika. Orodha ikiwa tupu narudi kabla sijaandika mpya->fuata = NULL.

---

mbogi_ya_vim:

😂😂 kuandika swali ndio debugger ya kwanza.

---

Mama_Makefile:

Ndiyo hivyo. malloc anakupa kipande cha kumbukumbu kama alivyokikuta, hakifuti. Kipande kipya kabisa mara nyingi kina sifuri ndani, ndo maana mfano wa 1 na wa 2 vinapita, ila ukifuta nodi halafu ukaomba nyingine anaweza kukurudishia kilekile cha zamani na makapi yake, fuata inaelekea kusikojulikana. Hamisha mstari wa mwisho uje chini ya thamani = x, sekunde mbili. Lakini kwenye nakala ya kujifunzia tu! Aliyoipokea lekchara iache na tundu lake.

Sasa andika barua pepe fupi. Mwambie umegundua umefunga binari ya ARM ndani ya kifurushi na kosa ni lako, make ikaona ipo tayari haikujenga. Muombe aendeshe upya faili lilelile kwa make -B. Piga `sha256sum kazi3.tar.gz` (inatoa namba ya utambulisho wa faili) kwenye simu na kwenye seva, zifanane, mwekee hiyo namba ili aone hukubadilisha kitu. Na mwambie kabisa kwamba jaribio la kufuta zote na kuweka tena litaanguka, unajua kwa nini. Usimwandikie kuhusu skripti yake kuwa na shida, hata kama mimi binafsi naona ilitakiwa ifute binari kwanza.

---

Kaka_Terminali:

Na asaimenti ya nne ongeza hii chini ya Makefile, uipige kabla ya tar:

    clean:
    	rm -f orodha *.o

hapo mwanzo ni tabu sio nafasi, mzee keshasema kwa nini.

---

Kijana_wa_Mwaka2:

Wakuu mrejesho, samahani nimechelewa bando liliisha.

Lekchara kajibu siku ya pili yake, kaendesha upya. 7/10, alama 28. Matatu yaliyoanguka yote ni ya kuweka baada ya kufuta zote, kama dada alivyosema. Kaniambia kuna wengine wawili walikuwa na 0/10 na sababu ni hiyohiyo, sasa skripti inapiga make -B. Nilipanga kuwaambia mnipe pole kwa zile 12 zilizokwenda ila nimeona nisijitie aibu.

Asaimenti ya nne nimefunga leo asubuhi. Kabla ya kutuma nimepiga make clean, nimefunga, nimepiga tar tzvf, nimeituma kwenye folda nyingine kwanza kule seva, nimeifungua, nimepiga make, mifano yote sawa, valgrind haijasema kitu, ndo nikaihamishia kusanya. Rumeti kaniangalia akaniuliza unatuma asaimenti au unatuma mahari?

Ila swali moja dogo dada, kwenye tzvf sasa naona faili linaitwa .orodha.c.swp, hilo nalo ni la nini?

---

Mzee_wa_Tepu:

Hilo ni la vim, maana yake umeacha orodha.c wazi kwenye dirisha jingine. Rudi kaangalie kama ulisevu.